Wimbi la Chile Juu ya Tufe

Ndugu waongozaji wa makumbusho, nimeombwa niseme juu ya lile tufe kubwa lenye picha, linaloning'inia gizani, ambalo mgeni akiingia tu anabaki kinywa wazi. Mshangao huo sina ugomvi nao. Lakini haudumu, na asipokuwapo mtu wa kumchokoza kwa swali, mgeni anapiga picha kwa simu na kwenda zake.

Mtambo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Science On a Sphere wa NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa. Tufe lake lina kipenyo cha mita 1.7 hivi, nalo humulikwa na projekta nne kutoka pande zote. Tufe lenyewe halizunguki. Picha ndiyo inayozunguka, na watoto hubisha sana hapo.

Kabla ya kuchagua onyesho, jiulize kama jambo hilo linahitaji tufe kweli. Mengi hayalihitaji, ramani ya ukutani inatosha. Tsunami inalihitaji. Tarehe 22 Mei 1960, tetemeko la ukubwa wa 9.5 lilipiga kusini mwa Chile, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Mawimbi yake yalifika Hawaii baada ya saa 15 hivi na Japani baada ya saa 22 hivi, na kote huko yakaua watu. Yafuate kwenye ramani yenye Afrika katikati: Pasifiki imepasuliwa vipande viwili, wimbi linapotelea ukingo wa kushoto na kuibukia wa kulia. Juu ya tufe halikatiki popote.

Tena kuna ajabu yake. Wimbi likishasafiri robo ya mzingo wa dunia, duara lake huacha kutanuka na kuanza kubana, maana njia zote zinazotoka nukta moja juu ya tufe hukutana upande wa pili. Visiwa na kina cha bahari huzipinda njia hizo, lakini hiyo ni sababu mojawapo ya Japani, umbali wa kilomita 17,000 hivi, kuumia vile. Msimwambie mgeni mapema! Simamisha picha wimbi likiwa Hawaii, umuulize: kutoka hapa litazidi kutanuka, au litabana? Mwache abishane na mwenzake, ndipo uiachie picha iendelee.

Vipimo navyo vina utamu wake. Kwa tufe la ukubwa huo, sentimita moja ni kilomita 74 hivi. Mlima Everest unakuwa milimita 1.2. Kina cha bahari, kwa wastani, nusu milimita tu. Mwezi ungekaa mita 52 kutoka hapo, pengine nje ya jengo lenu.

Rangi zina hila. Mgeni akiona nyekundu anawaza joto, hata pale onyesho linapohusu umri wa sakafu ya bahari, ambapo nyekundu mara nyingi ni miamba michanga. Elezeni rangi kwanza, hadithi baadaye.

Na kwa kuwa mtu huona upande mmoja tu kwa wakati, jibu la swali lako liweke upande asiouona. Atalizunguka mwenyewe.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.