Nikon: wasaga vioo walioingizwa kwenye kamera na njaa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie historia ya Nikon, kampuni ya kamera ya Japani, na naona wengi humu ndani mmevaa kamera zake shingoni. Sasa niwaudhi kidogo: kwa miaka thelathini ya mwanzo kampuni hii haikuuza hata kamera moja yenye jina lake.

Ilizaliwa Tokyo, Julai 1917, ikiitwa Nippon Kogaku, kwa fedha za Mitsubishi. Kazi yake ilikuwa vioo vya kijeshi: darubini, periskopu za nyambizi, vipima-masafa vya mizinga. Manowari kubwa Yamato ilibeba kipima-masafa chao chenye urefu wa mita 15. Mwaka 1921 waliletwa mafundi wanane kutoka Ujerumani, na kufikia 1932 lenzi zao zikawa na jina: Nikkor. Mashabiki wa Canon, kampuni shindani ya kamera, nisameheni, lakini kamera ya kwanza iliyouzwa na kampuni yenu, Hansa Canon ya 1936, ilikuwa na lenzi ya Nikkor.

Ikaja 1945, Japani ikashindwa vita. Jeshi likavunjwa, na mteja mkubwa akatoweka. Maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Waliobaki walikuwa na ujuzi wa vioo na tumbo tupu, wakaamua kutengeneza kamera. Nikon I ilitoka 1948: umbo la nje limeigwa kwa Contax, na shata ya ndani, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, imefuata Leica; zote mbili ni kamera za Kijerumani. Sioni aibu hapo, kila fundi huanzia kwa mwenzake. Tatizo lilikuwa jingine. Filamu ilikuwa adimu, wakaona wapunguze fremu iwe milimita 24 kwa 32 badala ya 24 kwa 36, ili mkanda mmoja utoe picha 40. Hesabu nzuri kwa Mjapani mwenye njaa. Lakini mashine za kampuni ya filamu ya Kodak zilizokata slaidi, yaani picha za filamu za kurushwa ukutani kwa mwanga, huko Marekani zilipangiwa milimita 36, na utawala wa Wamarekani uliokuwa ukiikalia Japani ukazuia kamera hiyo isiuzwe kwao. Milimita nne tu zikafunga soko lote.

Aliyewafungulia mlango hakuwa mfanyabiashara. David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la *Life*, alikuwa Tokyo mwaka 1950. Mwenzake wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan hakuitilia maanani mpaka picha iliposafishwa na akaiona kwenye karatasi. Akaenda kiwandani mwenyewe, akazipima lenzi, akanunua, akazifunga kwenye Leica zake. Juni mwaka huohuo vita vya Korea vikalipuka, naye akaenda nazo. Wahariri wa New York walipoona ukali wa zile picha wakaanza kuuliza zimepigwa kwa nini, na Desemba gazeti la *New York Times* likaandika habari za lenzi hizo za Kijapani. Angalieni vizuri: kilichosifiwa kwanza kilikuwa kioo, tena kikiwa kimebebwa na mwili wa kamera ya Kijerumani. Vita viliivunja kampuni, na vita vingine vikaitangaza.

Kamera yenyewe ilipata heshima yake 1959, ilipotoka Nikon F. Unatazama kwa lenzi ileile inayopiga, unabadilisha lenzi, unabadilisha hata kitazamio cha juu. Wanahabari wakaikimbilia, nayo ikatengenezwa zaidi ya laki nane. Mwaka 1971 Nikon F ilisafiri na Apollo 15, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini. Pete yake ya kufungia lenzi ilidumu tangu 1959 hadi kamera ya D6 ya 2020, ingawa si kila lenzi ya kale inafanya kazi zote kwenye mwili mpya. Msikubali muuzaji awaambie vingine.

Zama za dijitali nitazipita haraka, mnazijua: kamera ya D1 ya 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7, na wanahabari waliinunua. Wachache hujua kwamba tangu 1980 Nikon inauza pia mashine zinazochapa saketi kwenye chipu za kompyuta kwa mwanga unaopita kwenye lenzi.

Kuhusu kamera za Z za 2018, wengi mlilalamika kwamba pete ya zamani imeachwa. Tundu la pete ya F lina kipenyo cha milimita 44. La Z lina 55, na liko karibu zaidi na sensa, kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ili mwanga mwingi uingie bila kupindishwa sana pembeni. Wasanifu wa lenzi ndio waliotaka nafasi hiyo. Waliposhindana na watengeneza kamera, pale kiwandani, wao ndio walioshinda.