Mshipa Ulioziba kwa Miezi: Mgonjwa Wetu Ni Nani?

Wenzangu matabibu na wauguzi, hamjambo. Nianze na mgonjwa anayesema hana maumivu. Muulize kifua, atakwambia kiko sawa. Muulize anavukaje Barabara ya Thika, ndipo utasikia: akifika katikati ya ngazi za daraja husimama, hushika chuma cha kando, hutazama simu kidogo, kisha huendelea. Au ameacha kabisa kulipanda. Hiyo ni dalili. Iandikeni kwenye faili.

Tukisema ateri ya moyo, yaani mshipa unaolisha msuli wa moyo damu, imeziba kabisa kwa muda mrefu, maana yake damu haipiti hata tone, na hali hiyo imedumu angalau miezi 3. Mbona basi msuli wote haujafa? Vijishipa vya pembeni hupanuka, vikaleta damu kutoka ateri jirani. Mtu akikaa, damu hiyo inatosha. Akipanda ngazi, inapunguka. Ndiyo maana ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya aliyelala kitandani yaweza kuonekana safi.

Wengi ni wanaume wa miaka 60 na zaidi, wenye presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) nyingi au historia ya sigara. Si wachache waliowahi kupata shambulio la moyo, wengine bila kujua. Mwenye kisukari huenda asihisi kifua kubana kamwe. Yeye hulalamikia pumzi na uchovu. Ateri ya kulia ndiyo huziba mara nyingi zaidi.

Kabla ya kuzibua ateri kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani yake, pimeni kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, maana dawa ya rangi inayoonyesha mishipa kwenye eksirei hulemea figo. Rangi yenyewe hudungwa katika ateri ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, ili mwisho wa kizuizi uonekane. Kisha tunahesabu alama za J-CTO, zinazopima ugumu wa kuzibua, moja kwa kila tatizo: chokaa kwenye kizuizi, kona inayozidi nyuzi 45, mlango butu usio na ncha ya kupitisha waya, urefu wa milimita 20 au zaidi, na jaribio la awali lililoshindikana. Zikifika 3, kazi ni ngumu mno. Waya ukitoboa ateri, damu hujaa mfuko wa moyo na presha huporomoka. Sindano ya kuifyonza iwe mezani tangu mwanzo, isiwe kabatini.

Mwambieni mgonjwa ukweli: kuzibua hupunguza maumivu na kumrudishia mwendo, lakini haijathibitika kwamba huongeza miaka ya kuishi. Kwa hiyo tunamchagua yule anayeteseka licha ya dawa.

Akiwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia ateri wazi, atameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini miligramu 75 na klopidogreli miligramu 75 kila siku, klopidogreli kwa kawaida miezi 6. Akiziacha mapema, damu yaweza kuganda ndani ya stenti. Mwelezeni pamoja na mtu wa nyumbani kwake: hata akienda kung'oa jino, asiache kidonge kabla ya kumuuliza daktari wa moyo.