Nahau za Kiingereza na Kazi Zilikotoka

Ndugu mwenyekiti, na nyinyi wakalimani wa kesho, asanteni kwa mwaliko.

Shuleni tulikaririshwa nahau za Kiingereza kwa orodha: huku nahau, kule maana. Mtihani ukipita, orodha nayo inayeyuka. Mimi nawashauri muulize kwanza: usemi huu umetoka kwenye kazi gani?

Waingereza wamekuwa mabaharia kwa karne nyingi, na lugha yao imelowa chumvi. Chukueni “three sheets to the wind”. Kwa kamusi ya shuleni utapata mashuka matatu yakipepea, na hutajua kwa nini anayesemwa ni mlevi. Basi “sheet” ya baharia si shuka, wala si tanga. Ni kamba ya kuongozea tanga, ile ambayo nahodha wetu wa jahazi huiita demani. Kamba hizo zikilegea, tanga hupigapiga ovyo na chombo kikapepesuka. Sasa mlevi mnamwona?

Vivyo hivyo “taken aback”. Upepo umegeuka ghafla, umelipiga tanga kwa mbele na kulikandamiza kwenye mlingoti; merikebu imegutuka. Leo husemwa kwa mtu aliyepigwa na butwaa. Na sisi si wageni wa mambo haya: mtu wa Dodoma asiyewahi kupanda hata ngalawa atakwambia mipango yake imekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo baharini.

Ila msiamini kila kisa cha asili mtakachotumiwa kwenye simu. Kipo kile cha mvua ya “cats and dogs”, yaani mvua kubwa, eti zamani paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikiwateremsha. Kitamu kusimulia, ushahidi hakina.

Kuna hatari kubwa zaidi: usemi mmoja, maana mbili zinazopingana. Winston Churchill ameandika kwamba katika Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao ujadiliwe haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka ku-“table”. Kwa Mwingereza, hapo unauleta mezani. Kwa Mmarekani, unauweka kando usahaulike. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe wote walitaka jambo lilelile!

Bunge la Tanzania limerithi taratibu za Uingereza, ndiyo maana tunasikia “hati za kuwasilisha mezani”, na mkalimani aliyezoea hayo huteleza kirahisi akikutana na Wamarekani. Kwa hiyo kikao kikiwa na watu wa pande zote mbili, usione haya kumuuliza msemaji kabla hujafungua kinywa: tuujadili sasa, au tuuweke kando?