Rubani Asiyeambiwa Mgonjwa ni Nani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na nanyi vijana mnaosomea urubani na uuguzi wa dharura, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze kazi ya kurusha helikopta ya wagonjwa, nami nitaanza na jambo linalowashangaza wengi: katika huduma zinazoendeshwa vizuri, simu inapoingia, rubani haambiwi mgonjwa ni nani wala anaumwa nini. Anapewa mahali pa kwenda, hospitali itakayompokea mgonjwa, na uzito wake kwa kilo, maana kilo zinaingia katika hesabu ya mafuta na nguvu ya injini. Umri, majeraha, uchungu wa uzazi au moyo unaokaribia kusimama, hayo hubaki kwa daktari na muuguzi mpaka rubani awe amekwisha kusema kwamba safari inawezekana au haiwezekani.

Helikopta zilipoanza kubeba majeruhi kwa wingi, katika vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, machela zilifungwa nje, juu ya vyuma vya kutulia vya helikopta ndogo ya Bell 47, na rubani aliweza kumwona majeruhi kwa kugeuza shingo tu. Huduma za kiraia zilifuata, Munich mwaka 1970 na Denver mwaka 1972. Wakati huohuo likaenea wazo la "saa ya dhahabu" la daktari wa upasuaji R Adams Cowley wa Maryland, kwamba aliyeumia vibaya afikishwe kwa wapasuaji ndani ya saa moja. Wazo hilo limewafaa wagonjwa wengi, lakini kwa rubani lina sumu yake, kwa kuwa linamfanya atazame saa wakati anaopaswa kutazama mawingu.

Na mawingu ndiyo adui wetu mkubwa, hasa usiku. Mtu akiingia ndani ya ukungu bila kukusudia, sikio la ndani humdanganya: helikopta inainama polepole upande mmoja, naye anahisi imenyooka kabisa. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wa ndege za mabawa ambao hawakufunzwa kuruka kwa kutegemea vipimo vilivyo mbele ya rubani bila kuona nje, na wote walipoteza udhibiti, kwa wastani katika sekunde 178. Helikopta isiyo na mtambo wa kuisaidia kutulia haisubiri hata muda huo. Kwa hiyo tunafunzwa vipimo, tunavaa miwani ya kuonea usiku, na kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 2014 zinadai helikopta hizi ziwe na kifaa cha kuonya kuhusu ardhi na vizuizi, na hatari za kila safari zipimwe kabla ya kuruka. Hata hivyo, miwani ile haipenyi wingu.

Kutua kando ya barabara penye ajali kunahitaji macho ya watu wote waliomo. Nyaya za umeme hazionekani. Kinachoonekana ni nguzo, kwa hiyo tukizunguka juu tunatafuta nguzo na kuziunganisha kichwani, tukichukulia kwamba kila nguzo ina waya hadi ithibitike vinginevyo. Pepo za rafadha, yaani mapanga yanayozunguka, huinua vumbi, mabati na shuka za machela. Watu wa chini hukatazwa kusogea mpaka rubani awape ishara, na wakija waje kwa mbele anapowaona, kamwe si nyuma kwenye rafadha ya mkiani, ambayo ikizunguka ni kama haipo. (Kila mara huwa yupo mmoja anayetaka kupita huko na simu yake mkononi.)

Ya hewani kwa mgonjwa nitayagusa tu. Tukipanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,500, hewa iliyonaswa mwilini hutanuka kwa takriban moja ya tano, na kifua chenye hewa iliyovuja kinaweza kuzidiwa. Ndiyo maana muuguzi akiniomba nishuke chini, namsikiliza.

Narudi kwenye ule ukimya wa rubani. Usiku mmoja mpokeaji simu aliteleza ulimi akasema, "Mtoto wa miaka minne." Nilitoka nje kutazama anga, nikaona dari ya mawingu iko juu ya kutosha. Nina hakika leo kwamba haikuwa juu ya kutosha. Nilikuwa nimeipandisha mwenyewe. Dakika 11 baada ya kuruka, taa za barabara zilianza kufifia mbele yetu moja baada ya nyingine. Kwetu ni sheria kwamba wote wakubali ndipo twende, na mmoja akikataa tunarudi bila mjadala. Sauti ya muuguzi ilikuja kutoka nyuma kabla sijafungua kinywa: "Turudi." Nikageuza. Mtoto alipelekwa kwa gari, akafika hai.

Kesho yake niliketi na yule mpokeaji simu, ambaye hakuwa amelala. Tulichukua fomu anayotusomea, tukaiondoa safu ya umri pale juu na kuishusha chini ya mstari mwekundu, mahali panaposomwa na daktari peke yake, baada ya mimi kusema ndiyo au hapana.