Sheria Isiyomsubiri Aliyeonewa Alalamike

Ndugu wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu,

Nitazungumzia India. Vijana wetu wengi huenda kusoma huko, na sheria za nchi ile dhidi ya kuwaonea wanafunzi wapya zimetokana na misiba.

Mwaka 1996, jimboni Tamil Nadu, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza aliuawa na mwenzake aliyemtangulia. Mwaka uliofuata jimbo lile likatunga sheria: mwonevu afungwe hadi miaka miwili. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikatoa miongozo kwa nchi nzima. Hata hivyo, Machi 2009, huko Himachal Pradesh, kijana mwingine wa udaktari, umri miaka 19, alipigwa na waliomtangulia akafa. Mwaka huohuo Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu, chombo kinachosimamia vyuo vikuu vya India, ikatoa kanuni kali zaidi.

Zisomeni. Uonevu si kipigo tu. Kumlazimisha mgeni akuandikie kazi yako ya darasani ni uonevu. Kumkamua pesa, uonevu. Kumwamrisha afanye jambo la kumwaibisha, hata kama mnasema ni utani, uonevu. Mwanafunzi na mzazi wake hutia saini hati za kiapo kwamba wameelewa.

Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachombana mkuu wa chuo: akishapata habari ya kosa la jinai, ana saa 24 kulifikisha polisi, bila kumsubiri aliyeonewa alalamike. Aliyeonewa mara nyingi analala jengo moja na waliomwonea. Ukimwambia aje ofisini mchana alalamike, usiku atarudi mikononi mwao. Ndiyo maana wengi hunyamaza, na chuo kinaandika kwamba hakuna malalamiko.

Sisemi India wamemaliza tatizo. Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Jadavpur, Kolkata, mwanafunzi mpya alianguka kutoka ghorofani bwenini akafariki. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo aliyekwisha kuhitimu. Amehitimu, na bado yumo bwenini! Kanuni zilikuwepo, waliotakiwa kuzisimamia walikuwa wapi?

Mzazi unayempeleka mwanao India, mwandikie namba ya simu ya msaada dhidi ya uonevu, 1800-180-5522. Hupokelewa usiku na mchana, bila malipo. Na chuo chochote utakachompeleka, hata hapa nyumbani, usiishie kuuliza ada. Uliza nani anaishi bwenini, na nani yuko zamu saa nane za usiku.