Tegu: kutoka kwenye nyama, kutoka kwenye mkono

Mabibi na mabwana, nianze na kitu ambacho wengi hawapendi kukitazama: kipande cheupe, bapa, kinachojikunjakunja juu ya kinyesi. Hiyo ni pingili ya tegu, mnyoo anayeishi utumboni mwa mtu. Tegu wa ng'ombe huweza kupita mita 5, na mwili wake karibu wote ni pingili, zile za mwishoni zikiwa zimejaa mayai. Hana mdomo wala tumbo. Kichwa kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba, chakula anakifyonza kwa ngozi. Mtu anaweza kukaa naye miaka bila kuumwa.

Anaingia kwa nyama isiyoiva yenye lava, yaani tegu wachanga waliojifungia ndani ya vifuko. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alilithibitisha hilo kwa namna ambayo leo ingempeleka mahakamani: alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo lava za tegu wa nguruwe bila kumwambia, na alipouawa akampasua, akakuta tegu wachanga utumboni.

Wengi huishia hapo: pika nyama vizuri, basi. Mimi kinachonitisha ni mayai. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu wa nguruwe, mayai huanguliwa tumboni mwake, lava hutoboa utumbo na kwenda na damu hadi kwenye misuli. Binadamu akimeza mayai hayohayo yanamfanyia vilevile, ila kwake vifuko vya lava hufika hata machoni na kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa huanza. (Tegu wa ng'ombe hana balaa hili.)

Mwaka 1992 iliripotiwa habari ya Wayahudi wa New York, watu wasiogusa nguruwe kwa dini yao, waliopata degedege na kukutwa na vifuko ubongoni. Katika nyumba mojawapo, mfanyakazi wa ndani alipopimwa alikuwa na tegu. Mayai hayaonekani kwa macho. Mkono uliotoka chooni bila kunawa, ukaandaa chakula, unatosha.

Kwa hiyo mwenye tegu atibiwe upesi, kwa ajili ya wanaokula naye pia. Ila mwenye kifafa asikimbilie dukani kununua prazikwanteli, dawa ya tegu. Dawa hiyo hufika ubongoni, na vifuko vikianza kufa, ubongo huvimba na degedege huzidi. Apimwe kichwa kwanza, daktari aamue.