Kazi ya Uwazi Ndani ya Picha

Walimu wangu, ndugu wapiga picha, asanteni kwa kunialika. Tuanze na picha hii ukutani. Juu mbingu, chini bahari, na mstari wa upeo umepita katikati kabisa. Hakuna mashua, hakuna ndege, ufukwe hauonekani. Sogeeni karibu. Huku chini viwimbi vinahesabika kimoja kimoja. Jicho likipanda vinasongamana, mpaka vyote vinakuwa kijivu kimoja.

Mpigaji ni Hiroshi Sugimoto, mzaliwa wa Tokyo, mwaka 1948. Mfululizo huu aliuanza mwaka 1980 huko Jamaika, na amekwenda bahari nyingi akitega kamera yake kubwa ya filamu kwa mpango uleule. Alijiuliza kama kuna kitu ambacho mtu wa leo anaweza kukiona vilevile alivyokiona binadamu wa kwanza. Nchi kavu imelimwa na kujengwa. Bahari haikulimika. Nami napenda mjue kwamba Sugimoto, kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kuzisoma falsafa za Mashariki kwa bidii baada ya kufika Marekani mwaka 1970, kwa kuwa vijana wa huko walikuwa wakimuuliza mambo ya Zen, tawi la dini ya Buddha linalokazia kutafakari kimya. Alizaliwa nazo, lakini ilibidi azisome.

Sasa, uwazi huu, yaani nafasi hii tupu, unafanya kazi gani? Laozi, mwalimu mkuu wa Utao, falsafa ya kale ya China, alifundisha kwamba chungu kinatufaa kwa ile nafasi tupu iliyomo ndani yake. Wachoraji wa wino wa China waliishika hekima hiyo karne nyingi: mlima huku, mlima kule, katikati karatasi imeachwa nyeupe, nasi tunauona ukungu. Lang Jingshan, mpiga picha wa China aliyezaliwa mwaka 1892, aliileta mbinu hiyo kwenye chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia picha. Aliunganisha filamu kadhaa kuwa picha moja. Msonobari wa mahali hapa, kilele cha mahali pengine. Ukungu ndio uliozificha zile sehemu za maungio. Kwa hiyo uwazi hapo ulibeba imani na ufundi kwa pamoja, na mimi naona huko ndiko ubora wake uliko. Wanaoiga mtindo huu leo kwa kufuta vitu kwenye kompyuta mara nyingi hupata picha tupu tu, kwa sababu hapakuwa na kitu walichokuwa wakikitazama.

Twende Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mwingereza Michael Kenna amepiga huko picha nyingi za theluji: uzio mweusi, mti mmoja, hakuna kingine. Kando ya Ziwa Kussharo palikuwa na mti ulioinamia maji ambao alirudi kuupiga tena na tena, mpaka ulipokatwa mwaka 2009. Kenna huacha shata, yaani kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi dakika kadhaa, na usiku hata saa nyingi. Hapo mawimbi yanakuja na kurudi juu ya filamu ileile hadi maji yanalainika, na mtu akipita mbele bila kusimama hatokei. Mchana mnahitaji kichujio cheusi mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Mkitumia filamu, kumbukeni kwamba usikivu wake hupungua kadiri mwanga hafifu unavyoingia kwa muda mrefu, hivyo dakika zile mlizozipiga hesabu ziongezeni. Stendi iwe nzito, mkiipanda mchangani ikandamizeni, na msiiguse tena.

Wakati shata iko wazi, mpiga picha hana la kufanya. Hawezi kuangalia kioo cha kamera wala kubadili chochote. Anakaa, anasikiliza upepo. Minor White, aliyefundisha upigaji picha katika chuo cha MIT huko Marekani, aliwafanya wanafunzi wake watulie na kutafakari kabla ya kushika kamera. Kenna anaupata utulivu huo shata ikiwa tayari imefunguka.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada, nimekusikia: je, Mwislamu au Mkristo anaweza kuifuata njia hii iliyotoka kwenye Utao na Zen bila kuacha dini yake? Kenna mwenyewe alisoma seminari akiwa kijana, akitaka kuwa padri. Na yuko Thomas Merton, mtawa Mkatoliki wa Marekani, ambaye katika miaka yake ya mwisho alipiga picha za mizizi, mawe na vitu vilivyotupwa, huku akiisoma Zen kwa mapenzi makubwa. Alifariki karibu na Bangkok mwaka 1968, akiwa bado mtawa.